Misa Hewani, Komunyo kwa Baiskeli

Mwaka 2020, korona ilipofunga makanisa ya Roma, London na New York, Wakristo wa huko walikaa Jumapili nyingi bila kupokea Komunyo, na habari zao zikaenea dunia nzima. Wanateolojia wakaandika, maaskofu wakajibizana, wachungaji wakaulizana kama mkate uliowekwa kwenye meza ya sebuleni unaweza kubarikiwa na mtu anayeonekana kwenye simu. Huku kwetu, ukitoka Songea mjini na kuingia vijiji vya ndani, hadi Namtumbo, kuna vigango ambavyo padre akifika mara moja kwa mwezi watu wanashukuru, na masika hata hiyo mara moja haina uhakika. Watu wa vigango hivyo walizoea kukaa mbali na altare tangu enzi za babu zao, wala hakuna aliyewafanyia kongamano.

Ndiyo maana naona mjadala ule ulianzia pabaya. Ulijikita kwenye mitambo: sauti ya padre ikipita hewani, je, neema nayo inapita? Lipeleke swali hilo kwa wazee wa kigango chochote cha mkoa wetu wa Ruvuma, watakusikiliza kwa adabu, kisha watakuuliza la kwao: Komunyo italetwa na nani?

Songea ina haki ya kusema neno katika jambo hili, maana Radio Maria Tanzania ilianzia hapa. Ilikuwa mwaka 1996, Jimbo Kuu likiwa chini ya Askofu Mkuu Norbert Mtega. Radio Maria yenyewe ilikuwa imezaliwa Italia katika miaka ya 1980 kama redio ya parokia moja tu, Arcellasco d'Erba, kaskazini mwa nchi, kwa ajili ya waamini wasioweza kufika kanisani. Songea ya 1996 ilikuwa mji ulio karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, unaotegemea majenereta kwa umeme. Gridi ya Taifa ilitufikia mwaka 2018 kwa njia ya Makambako. Magazeti yalifika yakiwa yamechacha. Redio ya mawe manne ndiyo iliyokuwa dirisha la nyumba nyingi, na Misa ikaingia kwa dirisha hilo.

Tangu hapo kumejengeka desturi ambayo hakuna mwongozo wa liturujia ulioipanga. Ingia nyumba ya bibi mgonjwa wa miguu, mitaa ya Lizaboni au Bombambili hapa Songea, asubuhi wakati wa Misa ya redioni. Redio haipo mahali pake pa kila siku kando ya jiko. Imehamishiwa mezani, chini yake pametandikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kando kuna msalaba na mshumaa ndani ya glasi. Bibi ameshajifunga kanga safi na kilemba. Injili ikianza anajishika kwenye ukingo wa kitanda na kusimama, ingawa padre yuko mbali mamia ya kilomita na hawezi kumwona. Kengele ya mageuzo ikilia anainamisha kichwa. Mjukuu akipita na ndoo anakatazwa kwa mkono, asigonge gonge. Kisha unafika wakati wa Komunyo, na hapo redio inakuwa na wimbo tu. Kule kanisani watu wamepanga mstari. Huku bibi ana mikono mitupu.

Kwa dakika hizo Kanisa Katoliki limemwekea sala ambayo vitabu vyetu vya zamani vinaiita Komunyo ya tamaa. Mtu anamwambia Kristo kwamba anamwamini aliyemo katika Sakramenti, anatamani kumpokea, na kwa kuwa sasa haiwezekani, aje moyoni kwa njia ya roho. Si uzushi wa zama za redio. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulikwishatofautisha kupokea kwa kinywa tu, kupokea kwa roho tu, na kupokea kwa vyote viwili. Sala inayojulikana zaidi ni ya Alfonso Maria wa Liguori, wa karne ya 18, na ndiyo iliyosikika katika Misa za asubuhi za Papa Fransisko pale Santa Marta, viwanja vya Vatikano vikiwa vitupu. Wakatoliki wengi wa Ulaya walikuwa wakiisikia kwa mara ya kwanza. Bibi wa Lizaboni anaijua kwa moyo.

Lakini Roma imeweka mpaka, na mpaka wenyewe una mambo ya kushangaza kidogo. Baraka ya Papa inapita hewani: tangu mwaka 1939 aliyeisikiliza kwa redio kwa moyo wa ibada amehesabiwa kuipata pamoja na rehema yake, na mwaka 1985 televisheni nayo ikatajwa rasmi, hata kwa baraka ya namna hiyo inayotolewa na askofu jimboni kwake. Ungamo kwa simu halipiti. Mageuzo ya mkate ulioko nyumbani kwako, padre akiwa studio, hayapiti. Sakramenti zinahitaji miili iwe mahali pamoja: maji yaguse kichwa, mafuta yaguse paji, mkate uingie kinywani. Aliyewahi kuhudhuria harusi kwa simu ya mkononi ataelewa mara moja. Umeona yote, umelia machozi ya kweli, ila pilau hukula.

Na bado Wakatoliki hao hao wanamheshimu Klara wa Asizi, mtawa wa karne ya 13 ambaye, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, inasimuliwa kwamba aliiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikiendelea kanisani. Kwa ajili ya kisa hicho Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1958 kuwa msimamizi wa televisheni. Kwa hiyo kutazama Misa kutoka kitandani kuna mtakatifu wake.

Songea nayo ina mtakatifu wake, na nadhani hatujamtumia vya kutosha. Kanisa kuu la jimbo limewekwa chini ya Matias Mulumba Kalemba, mmoja wa Mashahidi wa Uganda. Watu wengi humkumbuka kwa kifo chake cha mwezi Mei 1886 pale Kampala ya kale, alipokatwa viungo na kuachwa peke yake afe polepole kwa siku tatu. Maisha yake kabla ya hapo yanatuhusu zaidi. Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882. Miezi sita baadaye Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, waliondoka Buganda kwa hofu ya hali ya kisiasa, wakavuka ziwa kuja kusini, upande ambao leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu, Wakristo wapya kabisa, wengine wakiwa hawajatimiza mwaka katika imani, walibaki bila padre hata mmoja.

Hawakutawanyika. Kule Mityana, Mulumba pamoja na Luka Banabakintu na Noe Mawaggali walifundisha, walisali, walibatiza waliokuwa kufani, na jumuiya yao ikaongezeka. Mapadre waliporudi, wale wa Mityana walianza kutembea kwa zamu kwenda misheni karibu na Kampala kuhudhuria Misa, zaidi ya kilomita 60 kwenda tu, na waliorudi waliwasimulia waliobaki mafundisho waliyoyasikia. Kila safari ilikuwa ya wachache kwa niaba ya wengi. Leo tungesema waliokwenda walikuwa ndio redio.

Ruvuma ilipata jaribu linalofanana na hilo. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani walifungua Peramiho mwaka 1898, kilomita kama 24 hivi kutoka Songea. Vita vya Maji Maji vilimuua Askofu wao Cassian Spiss mwaka 1905 akiwa safarini, misheni ikachomwa moto, ikajengwa upya. Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliushika mji wa Songea mwaka 1916, na wamisionari Wajerumani wakakamatwa na hatimaye kuondolewa nchini. Misheni zikabaki mikononi mwa walimu wa dini, Waafrika, wengi wao vijana, hadi Wabenediktini wa Uswisi walipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Miongoni mwao alikuwemo Gallus Steiger, aliyekuja kuwa askofu-abate wa Peramiho. Walimu hao hawakuweza kuadhimisha Misa. Waliweza kupiga kengele Jumapili, kuongoza rozari na katekisimu, kubatiza mtoto aliyekuwa anakata roho, kuzika. Mkate haukuwepo. Waamini waliendelea kuwa waamini.

Hata mapadre waliporudi, umbali haukuisha. Mzee yeyote wa Ruvuma aliyekua kabla ya Uhuru anaweza kukueleza safari za kwenda kupokea. Watu walitembea Jumamosi, wakalala misheni au kwa jamaa, na kuanzia usiku wa manane hawakutia kitu kinywani. Sheria ya wakati ule ilizuia hata maji. Roma iliruhusu maji mwaka 1953, ikapunguza mfungo kuwa saa tatu mwaka 1957, kisha saa moja mwaka 1964. Hebu fikiria mama mwenye mtoto mgongoni, ametembea tangu jana, jua la asubuhi limeshachoma, Misa ya Kilatini ni ndefu, na tonge lake la kwanza tangu jana jioni ni hostia. Siku hizi tunalalamika mtandao ukikwama katikati ya mahubiri.

Badiliko kubwa kwa vigango lilikuja kimya kimya tarehe 29 Januari 1973. Chini ya Papa Paulo VI, Roma ilitoa waraka ulioruhusu walei walioteuliwa kuwagawia wenzao Komunyo na kuwapelekea wagonjwa. Kwa miji yenye mapadre kila kona lilikuwa jambo la kupunguza foleni. Kwa Ruvuma lilikuwa kubwa mno: mwalimu wa dini aliyekuwa amebeba Neno peke yake kwa miongo sasa aliweza kubeba na mkate. Mwaka huohuo maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wakijadili jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo baadaye zikawa macho ya parokia nyumba kwa nyumba. Vitu hivyo viwili vikakutana. Jumuiya inajua nani kalazwa na nani hainuki, katekista anajua njia, padre ana ufunguo wa tabernakulo.

Utaratibu wenyewe hauna mbwembwe. Jumamosi jioni au Jumapili alfajiri mhudumu anafika parokiani, mara nyingi kwa baiskeli, siku hizi hata kwa bodaboda. Padre anafungua tabernakulo, anauliza idadi, anazihesabu hostia na kuzitia katika kikopo kidogo cha chuma chenye kifuniko, ndani kikiwa kimepakwa dhahabu. Kikopo kinaingia kwenye kifuko cha kitambaa, kamba inavaliwa shingoni, kifuko kinakaa kifuani chini ya koti. Kuanzia hapo mtu huyo hana ruhusa ya kukatisha sokoni kununua dagaa wala kusimama kwenye kilabu cha pombe kuulizia habari za mechi. Anakwenda moja kwa moja.

Idadi ndiyo mtihani. Alitaja 60, amekuta 85 kwa kuwa kuna msiba na wageni wamekuja. Hostia zinavunjwa mbili, zikipungua tena zinavunjwa nne. Mafundisho ya Kanisa yanasema Kristo yumo mzima katika kila kipande, hivyo aliyepata robo hakupunjwa. Nimewahi kuona robo hizo mkononi: nyeupe, nyepesi kama ganda la kitunguu, upepo wa dirishani unatosha kuzipeperusha, na mhudumu anaweka kiganja chake mbele ya kikopo kama mtu anayekinga kibiriti. (Na hostia lazima iwe ya unga wa ngano na maji, basi. Mkoa unaoilisha nchi kwa mahindi hauna punje yake moja kwenye altare. Marehemu Jean-Marc Ela, mwanateolojia wa Kameruni, alilihoji jambo hilo kwa niaba ya wakulima wa mtama wa kwao, na hadi leo sheria haijabadilika.)

Baada ya ibada ya kigango ndipo safari ya wagonjwa inapoanza. Nyumba imeandaliwa: meza ndogo au stuli iliyofunikwa kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, glasi ya maji. Anaingia na kusema, “Tumsifu Yesu Kristo,” na sauti kutoka kitandani inaitikia, “Milele amina, mwalimu.” Inasaliwa Baba Yetu. Kama mgonjwa hawezi kumeza, kipande kinachukuliwa kidogo sana na kuwekwa kwenye kijiko chenye maji, binti yake anamwinua kichwa, kila mtu anasubiri koo lisogee. Kazi yote haizidi dakika kumi na tano. Kisha mhudumu anafunika kikopo na kuuliza nyumba inayofuata iko upande gani wa mto.

Hicho ndicho Wakristo walichofanya tangu mwanzo kwa ndugu zao wasioweza kufika. Yustino Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya pili, anaeleza ibada ya Jumapili ya wakati wake na kutaja kwamba waliokuwa hawapo walipelekewa sehemu yao na mashemasi. Hata umbali mkubwa kuliko wote katika historia ya Komunyo ulishughulikiwa hivyo hivyo. Julai 1969, Buzz Aldrin, mzee wa kanisa la Presbiteri la Webster jirani na Houston, alipokea mkate na divai juu ya mwezi, karibu kilomita 384,000 kutoka kwa washarika wenzake. Havikubarikiwa kwa redio, ingawa redio alikuwa nayo na dunia nzima ilikuwa ikimsikiliza. Alivibeba kutoka kanisani kwake.

Ukiuliza makanisa mengine ya Ruvuma, utaona kila moja linakwama mahali tofauti. Waanglikana wa Ziwa Nyasa walitatua umbali kwa meli. Misheni yao ilikuwa na Chauncy Maples, meli iliyozinduliwa ziwani mwaka 1901, ikizunguka vijiji vya pwani na makasisi ndani yake. William Percival Johnson aliyehudumia ukingo huo wa ziwa kwa miongo mingi alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, na Dayosisi ya Ruvuma ya leo imekaa juu ya kazi yake. Walutheri nao wanasisitiza Neno na mkate viwe mahali pamoja, na mchungaji aliyebarikiwa ndiye anayesimamia. Wapentekoste wengi hawaoni kizuizi kikubwa. Kwao ni ukumbusho, hivyo kiongozi akitamka maneno kwa simu na familia ikawa na mkate na juisi ya zabibu mezani, Chakula cha Bwana kimeliwa. Hata huko Marekani makanisa yaligawanyika: United Methodist walisimamisha Komunyo ya mtandaoni mwaka 2013, na korona ilipoingia baadhi ya maaskofu wao wakairuhusu kwa muda.

Kikwazo ninachokipenda kuliko vyote ni cha Waadventista Wasabato, maana hakigusi mkate hata kidogo. Kabla ya Meza ya Bwana wao hutawadhana miguu, mtu na mwenzake, kwa beseni na taulo, kama katika Yohana sura ya 13. Pale ndipo waliokosana wanapotakiwa kupatana. Mkate unaweza kuuweka mbele ya kamera ukabishana na wanateolojia mpaka jioni. Miguu ya jirani uliyemkasirikia tangu msimu wa mbolea utaishikaje kwa simu?

Mwaka 2020 wenyewe ulitukuta katika hali ya peke yake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 16 Machi, shule zikafungwa, lakini nyumba za ibada zikabaki wazi. Jumapili ya tarehe 22 Machi, akiwa kanisani Dodoma, Rais John Magufuli aliwaambia waamini waendelee kusali, na kwamba korona haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Baraza la Maaskofu Katoliki lilichukua njia ya katikati: maji ya baraka yakaondolewa milangoni, watu wakaacha kushikana mikono wakati wa amani, Komunyo ikapokewa mkononi. Si maaskofu wote walioridhika. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisimamisha Misa za hadhara jimboni kwake mwezi Aprili. Kenya makanisa yalifungwa tangu Machi hadi Julai, na yalipofunguliwa yaliruhusu watu 100 kwa saa moja. Uganda yalifungwa miezi sita; tarehe 3 Juni, siku ya Mulumba na wenzake, kituo cha hija cha Namugongo kilikuwa bila mahujaji.

Kwa hiyo watu wa Songea waliendelea kwenda kanisani huku wakipigiwa simu na ndugu walioko Nairobi, Kampala na ng'ambo, waliokuwa wamefungiwa ndani wakitafuta Misa ya Kiswahili mtandaoni. Lakini kanisa kuwa wazi halikumaanisha kila mtu alikwenda. Wazee wengi na wenye kisukari au pumu walibaki nyumbani bila kutangaza, wakarudi kwenye redio. Wimbi lililofuata lilikuwa kali zaidi. Mwanzoni mwa Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike zaidi ya 60 nchini walikuwa wamefariki. Watu wa namna hiyo ndio huingia vyumba vya wagonjwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na najua haitawafurahisha wote. Misa ya redio na ya mtandaoni ni jambo jema, na kuzaliwa kwa Radio Maria hapa nyumbani ni heshima kwa Songea. Ila imeleta uvivu ambao hatuutaji. Familia inakwenda ofisi ya parokia kuomba bibi apelekewe Komunyo, na kuna parokia moja, nisiitaje, ambako jibu lilikuwa kwamba kwani bibi hana redio? Jibu kama hilo linageuza tamaa kuwa mlo. Komunyo ya tamaa imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye haiwezekani kumfikia, kama mfungwa, mkimbizi, au mgonjwa wa karantini. Kardinali Nguyễn Văn Thuận wa Vietnam, aliyefungwa miaka 13 kuanzia 1975, aliadhimisha Misa gerezani kwa matone matatu ya divai na tone la maji katika kiganja chake, na vipande vya mkate alivifunga katika karatasi za pakiti za sigara ili wafungwa wenzake wavisambaze. Mtu mwenye askari mlangoni alipata njia ya kupeleka. Bibi wa Bombambili yuko mwendo wa dakika ishirini kutoka kanisani.

Roma yenyewe imekuwa ikija nyuma ya vigango. Mwaka 1988 ulitolewa mwongozo wa ibada za Jumapili pasipo padre, kana kwamba ni jambo jipya, wakati watu wa misheni za Peramiho na Kigonsera waliishi hivyo wakati wa Vita ya Kwanza. Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, yenye ibada yake ya kuwekwa. Ni jambo zuri. Kinachosubiriwa ni pesa. Makatekista wengi wa vijijini wanaishi kwa jembe, posho yao ni ndogo na haina siku, na baiskeli ni zao wenyewe. Wakatoliki tunawaita mwalimu, tunawapisha wakae mbele, halafu tunawaachia wanunue tairi.

Halmashauri za walei zinapokaa kupanga matumizi ya mwaka, spika mpya hupita. Kamera ya kurusha Misa kwenye simu hupita kwa makofi, maana vijana wameisema vizuri na jina la parokia litaonekana mbali. Mafuta ya pikipiki ya mwalimu, pamoja na vikopo viwili vitatu vya kubebea hostia na koti la mvua, husogezwa kikao kijacho. Ningeomba mpangilio ugeuzwe, na ugeuzwe mapema, kwa sababu mvua za Ruvuma zikishaanza mwishoni mwa mwaka, njia za udongo hazimngojei mtu. Viongozi wa jumuiya waandike majina ya wasiotembea, nyumba na upande wa mto, orodha ifike parokiani kabla ya Majilio. Kwa kila kigango wateuliwe watu wawili, mmoja awe mama, maana wagonjwa wengi wa vitandani ni akina mama na wanaona haya kuinuliwa na mwanamume wasiyemzoea.

Redio iendelee kuwaka. Atakayepeleka Komunyo akifika katikati ya Misa ya hewani, bibi atajua mwenyewe sauti aipunguze kiasi gani.